Kubadilisha wishiboni za mbele za Corolla NZE nyumbani: mwongozo kamili

Corolla NZE121, ile ya kuanzia 2000 hadi 2006 ambayo bado imejaa mitaani kuanzia Mombasa hadi Mbeya, haina mambo mengi mbele. Kila gurudumu limeshikwa na shokapu kwa juu na wishiboni moja kwa chini. Wishiboni, ambayo dukani utasikia pia ikiitwa kontroli amu au loa amu, ni chuma chenye umbo la herufi L. Ncha ya nje inaishika nako, yaani chuma kinachobeba habu ya gurudumu, kwa boljointi, kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachogeuka. Ncha mbili za ndani zimefungwa kwenye krosimemba, chuma kizito kinachopita chini ya injini, kila moja ikiwa na bushi yake ya mpira. Bushi ndogo ya mbele ni kama bawaba tu, wishiboni inapanda na kushuka juu yake. Bushi kubwa ya nyuma ndiyo inayokula kipigo cha breki, cha mashimo na cha matuta, na kwa kawaida ndiyo inayochanika kwanza.

Kazi hii mtu mwenye spana nzuri anaimaliza kwa nusu siku. Ila kuna wishiboni inayodumu miaka na kuna inayoanza kugonga tena baada ya miezi michache, na mara nyingi tofauti haiko kwenye bei. Iko kwenye jambo moja ambalo gereji nyingi hulipita haraka haraka: gari limekaaje wakati boliti za bushi zinakazwa. Nimelitengea sehemu yake huko chini. Ukiwa na muda wa kusoma sehemu moja tu, soma hiyo.

Kwanza hakikisha ni wishiboni kweli

Mlio wa mbele una wenyewe wengi. Linki ya stabilaiza (kijiti kinachoiunga fimbo ya kuzuia gari kulala kwenye kona) iliyochoka hutoa mlio mwepesi wa kokoto kwenye barabara ya vumbi. Mlio wa shokapu au wa mpira wake wa juu husikika zaidi ukikata kona au ukipanda tuta. Bushi ya wishiboni hugonga mara moja, kwa mlio mzito, unapokanyaga breki au unapoachia breki na kuondoka, na gari huhisi kama limetangulia kidogo kabla ya kutulia. Dalili nyingine ni gari kutangatanga kwenye mwendo mkubwa, usukani kuvuta upande mmoja unaposhika breki, na tairi kulika upande wa ndani.

Jaribio rahisi halihitaji kuinua gari. Mweke mtu kwenye usukani, wewe simama pembeni ya gurudumu la mbele ukiwa mbali kidogo. Aende mbele taratibu sana, ashike breki, kisha arudi nyuma, ashike breki. Angalia nafasi kati ya tairi na kingo ya madigadi. Gurudumu likisogea mbele na nyuma ndani ya uwazi wake, bushi ya nyuma imekwisha.

Baada ya hapo inua gari na uliweke kwenye stendi. Shika tairi juu na chini, litikise. Kukiwa na mchezo, yaani ulegevu, mwambie msaidizi akanyage breki, kisha tikisa tena. Mchezo ukipotea, shuku bearingi ya gurudumu. Ukibaki, shuku boljointi. Mchezo wa kushoto na kulia mara nyingi ni tairodi au raki endi, viungo vya usukani, na hiyo ni kazi nyingine. Mwisho ingiza mtalimbo kati ya wishiboni na krosimemba, sukuma kwa nguvu ya wastani. Mpira mzima hupinda na kurudi. Uliokufa huonyesha ufa ulioingia ndani, au chuma cha katikati kinatembea peke yake. Vinyufa vidogo vya juu juu kwenye mpira wa gari la miaka ishirini si hukumu ya kifo, na usimruhusu mtu akuuzie spea kwa sababu ya hivyo tu.

Ukiwa hapo chini, angalia kama injini au giaboksi inavuja mafuta juu ya bushi. Mafuta hulainisha na kuvimbisha mpira wa kawaida. Ukifunga bushi mpya chini ya injini inayovuja unaitia njia moja na ile ya zamani, kwa hiyo uvujaji ushughulikie kwanza.

Wishiboni nzima, bushi peke yake, au ya mtumba?

Njia ni tatu, na kila moja ina watu wake.

Wishiboni mpya nzima huja na bushi zake zimeshashindiliwa. Hii ndiyo njia inayomfaa anayefanya kazi nyumbani, maana haihitaji presi, mashine ya kushindilia bushi. Tatizo lake ni kwamba wishiboni za bei ya chini kabisa huja na mpira hafifu, na huo mpira ndio unaonunua hasa. Chuma karibu hakifi. Nunua kwa jina linalojulikana, na ujue kwamba majina yanayojulikana ndiyo yanayoigizwa zaidi. 555 ya Japani, kwa mfano, ina nakala nyingi za bandia sokoni. Angalia uchapaji wa boksi, usafi wa chuma, na kama mpira umejaza nafasi yake bila matundu ya hewa. Muuzaji akikataa usifungue boksi dukani, jibu umeshalipata.

Bushi peke yake ni njia nzuri kama wishiboni yako ya asili haijapinda wala haijaliwa na kutu. Unavua wishiboni, unaipeleka kwenye presi, wanatoa bushi za zamani na kushindilia mpya. Usikubali ishindiliwe kwa nyundo, kwa sababu ganda la bushi hupinda na mpira huanza maisha ukiwa umeumia. Kabla bushi ya zamani haijatoka, piga alama ya rangi kwenye chuma cha wishiboni kuonyesha ilivyoelekea. Bushi nyingi kubwa za nyuma zina mianya iliyoachwa makusudi ndani ya mpira, na mwelekeo wa mianya hiyo ndio unaoamua gari liwe laini upande gani na gumu upande gani. Ikigeuzwa, gari litakuwa gumu pasipotakiwa na bushi itachanika mapema.

Ya mtumba kutoka Japani ninaikubali kwa vitu vingi, kwa bushi hapana. Unanunua mpira wenye umri uleule wa gari lako. Ukipata wishiboni ya mtumba iliyonyooka kwa bei nzuri, ichukue kama chuma cha kwenda kushindiliwa bushi mpya, basi.

Badilisha pande zote mbili kwa pamoja. Bushi za kushoto na kulia zimetembea kilomita sawa, na gari lenye upande mmoja mgumu na mwingine uliolegea litavuta ukishika breki. Boljointi kwenye Corolla hii ni kipande cha peke yake kilichofungwa kwenye wishiboni kwa boliti moja na nati mbili, kwa hiyo si lazima uibadilishe. Lakini kama mpira wake wa vumbi umechanika, ibadilishe sasa. Grisi ikishachanganyika na mchanga haina muda mrefu, na boljointi ikichomoka barabarani gurudumu hulala chini ya gari.

Zana na mahali pa kazi

Unahitaji jeki ya magurudumu, stendi mbili imara, racheti ya nusu inchi yenye mkono mrefu, soketi za 17, 19 na 21, spana ringi za namba hizohizo, nyundo ya kilo moja na nusu, mtalimbo wa urefu wa mita moja hivi, brashi ya waya, plaiya, na mafuta ya kulainisha kutu. Kipande cha bomba la chuma kinachoingia kwenye mkono wa racheti kitakusaidia zaidi ya misuli. Kama utatoa boljointi kwenye nako, tafuta pula yake, kifaa cha kuivutia nje. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ni nzuri kuwa nayo, ila usipoipata nitaeleza njia ya kupima kwa mizani.

Mahali pawe sakafu ngumu na tambarare. Uani kwenye udongo inawezekana ukiweka chini ya kila stendi kipande cha mbao pana na nene, lakini mchanga wa pwani usiujaribu hata ukiwa na mbao. Mawe na matofali hayashiki gari: tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Jeki peke yake nayo haishiki gari ambalo mtu yuko chini yake. Kwenye hili sina msamaha wa aina yoyote.

Jioni kabla ya kazi

Kwa magari ya Tanga, Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, chumvi ya hewa huwa imeshafanya kazi yake kwenye nyuzi za boliti. Jioni, safisha kwa brashi ya waya nyuzi zote zinazoonekana, kisha puliza mafuta ya kutu kwenye boliti mbili za krosimemba na nati za boljointi kila upande. Rudia kabla ya kulala. Asubuhi utaona tofauti. Gari la bara lina matope zaidi kuliko kutu, nalo lioshe kabisa kwa maji ya presha siku moja kabla, kwa sababu tope linalodondoka machoni ukiwa umelala chali si mchezo.

Halafu chukua kipimo kimoja kabla hujagusa kitu. Gari likiwa chini, limekaa kwa uzito wake, pima kwa futi kutoka katikati ya habu hadi kingo ya chini ya madigadi, moja kwa moja kwenda juu. Fanya hivyo pande zote mbili, uandike. Kipimo hiki kitakuja kukutumikia baadaye.

Kuinua gari

Vuta handbreki, weka gia kwenye P au gia ya kwanza kama ni manyuo, na zuia magurudumu ya nyuma kwa vigingi mbele na nyuma. Legeza nati za magurudumu ya mbele robo mzunguko gari likiwa bado chini. Kisha inua mbele kwa jeki ikiwa katikati ya krosimemba, chuma kizito kinachopita chini ya injini. Jeki isiguse sampu ya oili wala sampu ya giaboksi. Weka stendi chini ya mikunjo ya sili, ukingo wa bodi ulio chini ya milango, nyuma kidogo ya magurudumu ya mbele, pale penye alama mbili za kukatwa. Shusha gari taratibu likae kwenye stendi, kisha lisukume kwa mkono kwa nguvu ukiwa pembeni. Likitikisika juu ya stendi, liinue tena uzipange upya.

Inua pande zote mbili hata kama unaanza na upande mmoja. Ukiinua upande mmoja tu, fimbo ya stabilaiza hujipinda, na kwenye magari ambayo linki imefungwa kwenye wishiboni, wishiboni itakupiga ikiachia. Vua magurudumu, na kila ulilolivua lilaze chini ya sili, karibu na stendi. Stendi ikiteleza, gari litakutana na rimu kabla halijakutana na wewe.

Kufungua

Piga picha kwa simu kutoka pembe tatu. Baada ya saa mbili za kupambana na boliti utakuwa umesahau nati ipi ilikuwa mbele.

Anza na boljointi. Kama unaibakiza kwenye nako, fungua tu boliti na nati mbili zinazoiunga na wishiboni, zote za 17. Usizitoe kabisa mpaka umelegeza boliti za krosimemba, kwa sababu wishiboni iliyoshikwa ncha zote ni rahisi kuifanyia nguvu kuliko inayoning'inia.

Kama unabadilisha boljointi, geuza usukani mpaka upate nafasi, nyoosha kotapini, ile pini inayozuia nati kulegea, na uichomoe, kisha legeza nati yenye mataji lakini iache imeshika nyuzi chache. Ndipo uweke pula. Kama huna pula, piga nyundo kwenye jicho la nako kwa pembeni, mapigo mawili matatu mazito, na kwa kawaida shina huachia. Usipige shina lenyewe, wala uzi. Nyuzi ulizoziacha kwenye nati ndizo zinazozuia kila kitu kuruka pale inapoachia. Nafasi karibu na shafti ni finyu, kwa hiyo angalia usitoboe mpira wa sivijointi, kiungo cha shafti hiyo inayozungusha gurudumu. Ukiukuta tayari umepasuka, umeokoa sivijointi yako kwa kuugundua leo.

Sasa boliti mbili za krosimemba, kwa kawaida za 19. Weka spana upande wa nati kama nati haijachomelewa, ingiza bomba kwenye racheti, na uvute kwa kujisogeza kuelekea kwako badala ya kusukuma. Ikigoma, usiendelee kuongeza bomba mpaka ikatike. Kaza kidogo kwanza, hata digrii chache za mzunguko, ndipo ufungue: kutu huvunjika pande zote mbili. Moto wa gesi kwenye eneo hili siupendi. Mabomba ya breki yako jirani, na mpira wa bushi ukiungua unatoa moshi mbaya na moto unaoendelea. Mafuta, muda na nyundo nyepesi kwenye kichwa cha boliti vinatosha karibu mara zote.

Boliti zikishalegea, maliza kutoa nati na boliti ya boljointi. Bonyeza wishiboni chini kwa mtalimbo mpaka shina za boljointi zitoke kwenye matundu yake. Hapa kuna hatari moja: usiiache nako ivutike kuelekea nje. Shafti ikivutwa sana, jointi ya ndani inaweza kuachana upande wa giaboksi, na kazi ya nusu siku inageuka kuwa ya siku mbili. Ifunge nako kwa waya kwenye springi ya shokapu, isimame pale ilipo, na bomba la breki lisibebe uzito wowote.

Chomoa boliti za krosimemba, toa wishiboni.

Boliti inayogoma upande wa giaboksi

Kwenye Corolla zenye giaboksi otomatiki, boliti ndefu ya mbele ya upande wa kushoto inaweza kulegea vizuri kabisa, ikatoka nusu, kisha kichwa chake kikagonga giaboksi. Ni mpangilio wa kiwanda tu, wala hujakosea kitu. Watu hufika hapa wakarudisha kila kitu na kupeleka gari gereji. Kumbe haihitaji.

Weka ubao mnene juu ya jeki, uipeleke chini ya giaboksi, uinue mpaka iguse tu na kubeba uzito kidogo. Piga alama za rangi kuzunguka boliti kubwa zinazoshika krosimemba kwenye bodi. Kisha zilegeze, usizitoe, na ushushe krosimemba sentimita mbili au tatu upande wa kushoto. Mara nyingi nafasi hiyo inatosha boliti kupita. Usukani uwe umefungwa, umenyooka, kwa sababu raki imefungwa kwenye krosimemba hiyo na hutaki shafti ya usukani izunguke peke yake. Muda wote huu usilale chini ya krosimemba. Ukimaliza, rudisha krosimemba kwenye alama zako za rangi kwa usahihi, la sivyo usukani utakaa upande.

Kuna njia ya mkato ambayo mafundi wengi hutumia: kukata boliti kwa msumeno na kufunga mpya ikiwa imeelekea upande mwingine. Inafanya kazi pale ambapo nati ni ya kawaida inayoweza kugeuzwa, na boliti mpya ni ya ugumu uleule, maana yake namba iliyogongwa kichwani iwe ileile. Kama nati imechomelewa kwenye krosimemba, njia hiyo haipo. Boliti laini ya duka la vifaa vya ujenzi usiifikirie hata kidogo.

Kufunga mpya

Laza wishiboni ya zamani na mpya sambamba. Linganisha umbali kati ya matundu, mwelekeo wa bushi, unene wa ncha. Kushoto na kulia hazifanani, na boksi linaweza kukosewa. Kama ya zamani imepinda ukiilinganisha na mpya, sasa unajua kwa nini tairi lilikuwa linalika.

Safisha kwa brashi ya waya nyuso za krosimemba ambapo bushi inakaa. Tafuta nyufa, hasa karibu na matundu. Kwenye nyuzi za boliti weka kiasi kidogo tu cha mafuta ya kuzuia kutu. Kwenye mpira wa bushi usiweke chochote. Kuna fundi atakayekwambia upake grisi ili isipige kelele, na kwa wiki moja atakuwa sahihi. Bushi hizi zimegundishwa kwenye chuma chake, hazitelezi, na grisi ya kawaida huula mpira taratibu.

Ingiza wishiboni mahali pake, pitisha boliti mbili kwa mkono. Zikiingia kwa kulazimisha, wishiboni imekaa vibaya, itikise mpaka ziingie kwa vidole. Zikaze kidogo tu, mpaka nati iguse. Iache hapo kwanza.

Bonyeza ncha ya nje chini, pitisha shina za boljointi kwenye matundu, funga boliti na nati zake mbili, na hizi zikaze kabisa: kipimo cha Corolla hii ni 89 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza, nitakieleza chini). Hakuna mpira wa kupinda kwenye muungano huu, ndiyo maana hausubiri. Kama boljointi ni mpya, kaza nati ya juu mpaka tundu la shina lilingane na taji la nati, kisha ingiza kotapini mpya. Tundu lisipolingana, kaza zaidi kidogo mpaka taji linalofuata. Kamwe usirudishe nyuma ili kulipata.

Kukaza gari likiwa limekaa

Hii ndiyo sehemu niliyokuahidi.

Bushi ya mpira wa kugundishwa haizunguki kama bearingi. Boliti ikishakazwa, chuma cha katikati kinabanwa na krosimemba, ganda la nje linashikwa na wishiboni, na mpira ulio kati yao unajikunja kila wishiboni inapopanda au kushuka. Boliti inapokazwa ndipo mpira unapojua mahali pake pa kupumzika.

Gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia na wishiboni imeelekea chini. Ukikaza hapo, mpira utapumzika gurudumu likiwa hewani. Ukishusha gari, wishiboni inapanda na mpira unajikunja kabla hata hujawasha injini, na unabaki umejikunja mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa. Likipanda tuta, unajikunja zaidi. Mpira huo hautachukua muda mrefu kuchanika, na utalaumu kampuni iliyoutengeneza.

Kwa hiyo, kabla ya kukaza boliti za krosimemba, wishiboni lazima iwe kwenye kimo cha gari lililosimama. Chukua jeki, iweke chini ya ncha ya nje ya wishiboni, karibu na boljointi, na kipande cha mbao katikati ili isiteleze. Inua taratibu. Pima kutoka katikati ya habu hadi kingo ya madigadi. Kipimo kikifika kile ulichoandika jana jioni, simama hapo. Ukiona sili inaanza kuacha stendi kabla hujafika, msaidizi akae kwenye kiti cha mbele upande huo, au pakia mzigo mzito ndani. Sasa kaza boliti zote mbili kwa 137 Nm. Fanya vivyo hivyo upande wa pili.

Njia nyingine, na kwa mwenye nafasi naona ni bora zaidi, ni kurudisha magurudumu na kulishusha gari juu ya mbao nene au ramp, magurudumu yote manne yakiwa kwenye kimo kimoja. Lisukume mbele na nyuma kidogo litulie, kisha ufikie boliti kutoka chini. Kwa NZE nafasi ni finyu lakini mkono unapita. Gari likae kwenye magurudumu yake na vigingi viwepo, si kwenye jeki.

Ukiwa huna spana ya toki

Nm ni nguvu mara urefu tu. Ukivuta mkono wa spana kwenye sehemu iliyo nusu mita kutoka katikati ya boliti, 137 Nm ni kama kilo 28 za mvuto, 103 Nm ni kama kilo 21, na 89 Nm ni kama kilo 18. Piga alama ya tepu kwenye bomba au kwenye mkono wa racheti, sentimita 50 kutoka katikati ya soketi. Funga hapo ndoano ya mizani ya kupimia mizigo ya safari, ile ndogo ya kuning'iniza, na uvute taratibu kwa pembe ya mraba mpaka isome namba hiyo. Haitashindana na spana ya toki ya maabara, lakini inashinda kwa mbali sana neno "imekaza".

Nati za magurudumu ni 103 Nm, zikazwe kwa kuruka upande hadi upande na gari likiwa chini. Usizikaze kwa kufuatana kuzunguka, rimu itakaa mshazari.

Barabarani

Kabla ya kutoka, piga breki mara kadhaa gari likiwa limesimama, na uangalie kwamba bomba za breki hazijapinda wala kugusa tairi usukani ukigeuzwa mwisho kila upande. Kisha tembea mtaani polepole, ukipita tuta moja na barabara ya vumbi kidogo. Mlio mpya wa chuma kwa chuma maana yake boliti fulani haijakaza. Rudi, usiendelee kuisikiliza. Gari kuwa gumu kidogo kuliko jana ni kawaida, ulikuwa umezoea bushi iliyokufa.

Halafu liende alaimenti siku hiyohiyo au kesho yake. Kubadilisha wishiboni kunabadilisha mahali gurudumu linapoelekea, hata kama usukani unaonekana umenyooka. Kwenye gari hili mtu wa alaimenti hurekebisha hasa uelekeo wa magurudumu kupitia tairodi, na atakuonyesha pia kamba, yaani mlalo wa gurudumu. Kamba ikiwa nje sana upande mmoja baada ya wishiboni mpya, usikubali kuambiwa ni kawaida. Tafuta shokapu iliyopinda, nako iliyopinda, au krosimemba ambayo haikurudi kwenye alama zake.

Baada ya kilomita mia chache, rudi chini na ukague kukazwa kwa boliti zote ulizozigusa, ukianzia na zile nati mbili za boljointi.